Evaresta Karekezi na Ukuta wa Kaskazini

Wakubwa wetu shikamooni, na ninyi nyote mliofika Omukitembe leo Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Haya ni maisha ya Evaresta Karekezi. Yameandikwa, na yanasomwa, na mdogo wake Adelard, ambaye ni katibu wa kamati ya kigango hiki. Cheo hicho kimetajwa mapema kwa sababu kitarudi huko mbele, na hakitarudi kwa sifa. Familia ilimwomba aandike mazuri. Ameyaandika. Yasiyo mazuri nayo ameyaandika, maana marehemu hakuwahi kuandika ripoti akaficha majibu, na ingekuwa aibu kumzika kwa ripoti ya kuficha.

Evaresta alizaliwa hapa hapa Omukitembe tarehe 14 Machi 1979, wakati huo ikiwa bado wilaya ya Karagwe, leo ni Kyerwa. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa Mzee Cleophace Karekezi, mkulima wa migomba na kahawa, na Mama Uwizeye. Mama Uwizeye aliingia nchi hii mwaka 1961 akiwa na miaka mitatu, mgongoni kwa mama yake, pamoja na majirani waliokimbia naye kutoka Rwanda. Mmoja wa majirani hao alikuwa Mzee Telesfori Niyonsenga, ambaye baadaye alikuja kuwa katekista wa kwanza wa kigango hiki.

Wageni wetu hawataelewa maisha ya Evaresta wasipoelezwa habari ya ukuta ulio mkono wao wa kushoto. Leo mnauona una rangi ya krimu. Mwaka 1966 Mzee Telesfori aliuchora wote, kutoka mlangoni hadi altareni. Alichora wana wa Israeli wakivuka bahari, ila bahari yake ni mto Kagera, ng'ombe wake wana pembe ndefu za kwao, na watu wake ni majirani zake, kila mmoja kwa sura yake. Nyeupe aliitoa kwenye udongo wa bondeni, nyekundu kwenye udongo wa njiani, nyeusi kwenye masizi ya vyungu, na zote alizikoroga kwa maziwa ili zishike. Karibu na dirisha la tatu alimchora binti wa miaka minane mwenye kibuyu cha maziwa kichwani. Huyo ni Uwizeye, jinsi alivyokuwa mwaka ule. Mama huyo hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote, hata ya kitambulisho. Alifariki kwa malaria tarehe 2 Julai 1988. Evaresta alikuwa na miaka tisa. Adelard alikuwa na mitano, na sura ya mama yake haikumbuki hata kidogo isipokuwa ile ya ukutani.

Baada ya msiba ule Evaresta alikuwa hakai penye benchi la watoto. Alikaa chini, mgongo ukiwa umeegemea ukuta, jirani na dirisha la tatu. Jumapili moja, misa ikiwa imekwisha, Mzee Telesfori alimkuta amesimama juu ya benchi akimpaka yule binti wa ukutani ndizi iliyopondwa mdomoni. Mzee hakupiga kelele. Alichukua kitambaa chake, akafuta taratibu, akamwambia, "Usimlishe, mwanangu. Ukimlisha yeye, wengine watakuja kula." Evaresta akauliza wengine gani. Mzee akasema, "Hao wasioonekana." Evaresta alipenda kusimulia kisa hiki, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba huo ndio uliokuwa mhadhara wake wa kwanza wa sayansi, na kwamba wa pili aliusubiri miaka kumi na tatu.

Elimu ya msingi aliianza hapa mwaka 1987 na kuimalizia Nyaishozi mwaka 1993, alikokwenda kulelewa na shangazi yake Benadeta, ambaye yuko nasi leo. Shangazi anasema mtoto yule alikuwa akificha vipande vya viazi na maandazi nyuma ya mtungi ili aone vitaota nini, na kwamba alichapwa kwa ajili hiyo mara nyingi kuliko kwa kosa lingine lolote. Alisoma sekondari kuanzia 1994 hadi 1997, kidato cha tano na cha sita hadi mwaka 2000, na mwaka 2001 akaingia chuo kikuu Dar es Salaam kusomea elimu ya vijidudu. Alihitimu mwaka 2004. Mzee Cleophace alikata mkungu mkubwa kuliko yote shambani, akaalika kijiji kizima, akawaambia watu binti yake sasa ni daktari wa ukungu. Watu walicheka sana. Evaresta pia alicheka, ila kila mwaka baada ya hapo alifanyiwa utani ule ule, na mwishowe akaacha kucheka.

Mwaka 2005 aliajiriwa katika maabara moja ya ubora wa kahawa mjini Bukoba. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kuvu zinazoota kwenye kahawa isiyokauka vizuri, zile zinazoharibu ladha na kumtilia sumu mnywaji. Aliifanya kwa miaka kumi na saba. Wenzake walimwita Mama Ukungu, na wanasema angeweza kushika kiganja cha kahawa ya maganda, ile isiyokobolewa, akanusa, akataja imeanikwa siku ngapi na kama ilianikwa juu ya turubai au juu ya udongo mtupu. Wakulima wa Rugu na Kihanga waliokuwa wakimletea sampuli walimwogopa kidogo. Mtu akisema ameanika wiki tatu huku ameanika moja, Evaresta hakubishana naye. Alimwangalia tu, na mtu akaanza mwenyewe kujieleza.

Alifunga ndoa takatifu katika kanisa hili tarehe 27 Oktoba 2007 na Mwalimu Aristides, mwenyeji wa hapa Omukitembe. Mwalimu anasimulia kwamba siku ya kwanza alipomtembelea maabara alionyeshwa kuvu kwa hadubini, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Mbona kama shada la maua?" Evaresta alimwambia kwamba wanaume wote waliomtangulia walisema kinyaa. Harusi ilifungwa mwaka uliofuata, na maharusi walisimama kwenye dirisha la tatu kupiga picha, bibi harusi akiwa katikati ya mume wake na mama yake. Picha hiyo imechapwa kwenye jalada la ratiba mliyoishika. Ichungulieni kwa makini, kwa sababu kibuyu mnachokiona hapo hakipo tena.

Walibahatika kupata watoto wawili, Immaculata na Telesfori.

Pasaka ya mwaka 2014 Evaresta alikuja kusali nyumbani akaona kibuyu cha mama yake kimefifia. Aligusa chini yake, unga mwekundu ukabaki kidoleni. Kuanzia magotini hadi kifuani ukuta ulikuwa na madoadoa meusi na mengine ya njano hafifu. Waumini walisema ni uzee. Evaresta alisema uzee hauchagui kimo. Mwaka uliofuata aliomba ukuta huu uwe utafiti wake wa shahada ya pili, na kwa miezi kumi na minne alikuwa akija na mkoba wake kila alipopata likizo. Alibandika selotepu nyembamba ukutani, akaibandua, akaitazama kwa hadubini. Alipitisha pamba, akazipandikiza kwenye visahani vyenye chakula cha viazi na sukari ili kilichopo kiote kionekane. Alipima unyevu asubuhi na jioni. Sampuli zilikuwa sitini na mbili, na kila moja iliandikwa kimo chake kutoka sakafuni.

Majibu yalipotoka hakuhitaji kufungua kitabu. Kuvu iliyoota kwenye visahani vile alikuwa anaiona kazini kila siku ya Mungu. Ilikuwa kuvu ya kahawa.

Tueleze hapa kwa ajili ya wasiojua desturi yetu. Sadaka ya mavuno tunaileta kanisani, si fedha, bali kahawa, maharage na ndizi, na tangu zamani tunaipanga kwenye ukuta wa kaskazini kwa sababu ndio ulio jirani na mlango. Mwaka 2003 tuliziba matundu ya hewa ya ukuta huo kwa matofali kwa kuogopa wezi. Na jambo ambalo hakuna aliyelisema hadi Evaresta alipolisema ni kwamba kahawa ya mnunuzi tunaianika mpaka inalia ikitikiswa, ila ya kanisa tunaileta ikiwa bado ina maji, maana Mungu hana mzani. Gunia lilikuwa likipumua unyevu ukutani miezi mitatu mfululizo. Kuvu ilitoka kwenye gunia ikahamia kwenye picha, ikayakuta maziwa ya Mzee Telesfori. Haikula rangi. Ilikula maziwa yaliyoishika rangi, na rangi ilipokosa wa kuishika ikadondoka.

Ripoti ilikuwa na kurasa arobaini na sita, kwa Kiswahili, ili kila mtu aisome. Aliileta mbele ya kamati tarehe 9 Septemba 2017. Mwenyekiti wetu, Mzee Deodatus, aliisikiliza yote, kisha akauliza, "Kwa hiyo, mama, unatuambia sadaka yetu ndiyo inayomla Musa?"

"Si sadaka, Mwenyekiti. Ni maji yaliyo ndani ya sadaka," Evaresta akajibu. "Ya mnunuzi mnaianika wiki tatu. Hii mmeianika siku nne. Nimeipima."

 Mama mmoja wa nyuma akasema, "Waitu, jamani, huyu mtoto ametutukana."

Aliomba mambo matatu tu. Magunia yahamishiwe kwenye jiko la zamani la katekista. Matundu ya hewa yazibuliwe. Na mtu yeyote asiuguse ukuta kwa kitambaa, brashi wala rangi mpaka aje mtaalamu. Kamati iliunda kamati ndogo kushughulikia suala hilo. Kamati ndogo ilikutana mara moja, ikamchagua mwenyekiti wake, haikukutana tena. Ripoti iliwekwa kwenye kabati la sakristia. Adelard alipoitoa juzi ili aandike maneno haya, jalada lake lilikuwa limeota ukungu.

Baada ya siku ile, akina mama wa jumuiya yake waliacha kumwalika. Akipita, mazungumzo yalikatika. Walisema amesoma mpaka anaona uchafu mezani kwa Bwana. Aliumia sana, hilo lisemwe wazi, kwa sababu hakuwa mtu wa ngozi ngumu kama mlivyodhani. Kila mwaka aliandika barua ya kukumbusha, na kila mwaka katibu aliipokea, akaiandika kwenye daftari la barua, na mambo yakaishia hapo. Katibu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Alijiambia kwamba akimtetea wataitwa ukoo wa watukanaji.

Habari za kuugua kwake zilianza mwaka 2011, alipopata kifua kikuu akatibiwa akapona, lakini pafu la kushoto likabaki na tundu. Mwezi Machi 2022 alianza kukohoa tena, mara nyingine na damu, akalazimika kuacha kazi. Hospitali aliyokwenda ilisema kifua kikuu kimerudi. Vipimo havikuonyesha, ila dawa alipewa, miezi minane, kisha nyingine. Evaresta aliwaambia kwamba tundu la zamani kwenye pafu ni mahali kuvu hupenda kujenga, akaomba makohozi yake yaoteshwe kwenye kisahani kama alivyokuwa akiotesha yeye. Aliwaeleza hata joto la kabati la kuoteshea liwe kiasi gani. Mganga aliyekuwa zamu alimjibu, "Mama, hapa wewe ni mgonjwa." Alimwambia Mwalimu Aristides kwamba sasa ameelewa jinsi ukuta unavyojisikia. Sampuli ilikuja kupelekwa Mwanza mwezi Juni 2024. Majibu yalisema kuvu. Dawa ilianza wakati ambapo hakukuwa na pafu la kuokoa.

Maneno yamezagaa kijijini kwamba ni ukuta uliomlipizia. Yeye mwenyewe alikataza yasisemwe. Alisema kuvu hiyo iko kwenye hewa ya kila nyumba, kwenye majani makavu na kwenye ghala la kila mmoja wenu, na hakuna hadubini inayoweza kuonyesha aliivuta wapi. Anayetaka kusema ukuta ulimuua alete sampuli.

Sasa tufike pale cheo kinaporudi. Tarehe 29 Septemba 2024 kigango hiki kilitimiza miaka sitini, na askofu alikuwa anakuja. Kamati ilikaa tarehe 7, ikaona ukuta wa kaskazini unatia aibu. Muhtasari upo, umeandikwa kwa mwandiko wa Adelard: "Imeazimiwa ukuta wa kaskazini upakwe rangi ya krimu." Sahihi ni ya Adelard. Hakuna aliyemlazimisha. Wapakaji walimaliza kwa siku tatu, na Adelard alisimama pale dirisha la tatu akaangalia brashi ikipita juu ya uso wa mama yake mara mbili, kwa kuwa mkono wa kwanza haukufunika vizuri.

Kila Adelard alipokwenda hospitali Evaresta alimuuliza, "Ukuta?" Naye akajibu, "Upo." Kama ukuta ni matofali, alisema kweli.

Tarehe 3 Oktoba mtu alimtumia mgonjwa video ya kwaya ya jubilei kwenye simu. Adelard alipofika alimkuta ameishika kifuani, imezimwa. Alidhani atatukanwa. Dada yake aliuliza, "Ya maji au ya mafuta?"

"Ya mafuta."

 Evaresta akasema kwa ile sauti yake ya maabara, akipumzika kila baada ya maneno machache, "Ya mafuta haipumui. Unyevu utaisukuma kutoka nyuma. Kabla ya Pasaka itaanza kubanduka yenyewe. Sehemu itaondoka na picha, sehemu itaiacha. Msikwangue, Adelard. Mkikwangua mtaondoka na Mama mzima." Alimwandikia jina na namba ya mwenzake wa chuoni nyuma ya boksi la dawa, mtu anayejua kazi ya kuokoa picha za ukutani.

Adelard alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba msamaha. Evaresta alisema, "Ondoa magunia kwanza. Habari ya msamaha tutaizungumza magunia yakishatoka."

Adelard alipata miezi minne na siku tisa za kuyaondoa. Aliileta hoja kwenye kamati mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa mnunuzi yuko njiani. Mara ya pili aliambiwa jiko la zamani linavuja. Angeweza kuyabeba peke yake, mgongo anao. Alikuwa anasubiri azimio.

Evaresta alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mume wake. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja na siku mbili kutimiza miaka arobaini na sita.

Ameacha mume, Mwalimu Aristides, watoto wawili, Immaculata aliye kidato cha nne na Telesfori aliye darasa la saba, shangazi Benadeta, na mdogo mmoja, ambaye mmekwisha kumfahamu. Ameacha sampuli sitini na mbili kwenye boksi lenye maandishi yake, na ripoti moja iliyoota ukungu.

Maneno haya yalipelekwa kuchapwa jana Ijumaa, ila haya ya mwisho yameongezwa kwa kalamu leo alfajiri. Juzi Alhamisi, watu walipokuwa wanafagia kanisa kwa ajili ya misa hii, kipande cha rangi ya krimu cha ukubwa wa sahani kilibanduka karibu na dirisha la tatu kikaanguka chenyewe. Hakuna aliyekwangua. Pale kilipotoka kuna jicho moja na sehemu ya shavu. Lina madoa, lakini ni jicho, na linatazama huku tuliko. Chini yake, hadi sasa, yapo magunia kumi na manne ya kahawa ya maganda ya msimu uliopita, na juu ya magunia hayo mmeongeza mikungu ya ndizi na maharage ya chakula cha msiba, kwa upendo, mahali pale pale tunapoweka siku zote.

Ratiba inasema kwamba baada ya wasifu jeneza litabebwa kwenda makaburini. Adelard anaiomba familia, anamwomba Mwenyekiti Deodatus, na safari hii haombi azimio, ratiba isimame kidogo. Wale wanaume sita waliochaguliwa kubeba jeneza waanze na magunia. Jiko la zamani limefunguliwa, na bati linalovuja limezibwa leo alfajiri. Msomaji wa maneno haya anaiweka karatasi chini, anakwenda kubeba gunia la kwanza.

Pumzika, dada. Habari ile nyingine, mdogo wako ataingoja.